Chupa Iliyong'aa

Wifi yangu tulimwita Cherehani. Jina hilo hakulipata kwa kushona, maana hata kutunga uzi kwenye sindano hana subira nako. Alilipata kwa ajili ya mguu wake wa kulia. Akiketi, mguu unakanyaga. Chini hakuna pedeli wala nini, lakini mguu unapanda na kushuka, unapanda na kushuka, mpaka vikombe mezani vinaanza kuzungumza vyenyewe kwa vyenyewe. Mama mkwe wangu, Mungu amrehemu, alikuwa akisema binti yake huyu alianza kuutafuta mlango akiwa bado tumboni. Hakutambaa. Siku moja alikaa, siku ya pili akasimama, siku ya tatu wakaenda kumchukua kwa jirani.

Hata ibadani vidole vyake vinacheza juu ya mkeka. Zamani nilikuwa nikimgusa na kiwiko. Siku hizi namwacha. Aliyeiumba miguu ile anajua kwa nini aliiumba hivyo.

Marehemu mumewe alikuwa fundi seremala, mtu mpole asiyepandisha sauti. Alikuwa akituambia, "Mimi nimeoa upepo, basi kazi yangu ni kuwa mlango." Na alikuwa mlango mzuri kweli. Alipofariki, upepo ulikosa pa kugonga, ukahamia kazini.

Kazi yake ilikuwa kwenye kiwanda cha mikate myeupe. Miaka ishirini na miwili alikaa kwenye meza ya madonge. Nasema alikaa, lakini alikuwa amesimama miaka yote hiyo. Mashine ilikanda na kumwaga mezani donge kubwa kama godoro, na watu wa meza wakalikata. Wifi alikata kwa jicho. Mizani ilikuwepo, ila msimamizi wake alisema ni mizani ndiyo iliyotakiwa kupimwa kwa mkono wa Cherehani.

Kazi ile ilimkaa vizuri, kwa sababu mkate mweupe ni mkate wa mtu mwenye haraka. Unga mweupe, sukari, mafuta, chumvi, maji ya uvuguvugu, na hamira ya pakiti kwa wingi. Hamira ile ukiionyesha sukari inainuka kama mtoto aliyesikia jina lake likitajwa kwenye zawadi. Saa moja tu donge limeumuka, linakatwa, linaingia kwenye mabati ya kuokea, linaumuka tena, linaokwa, linapoozwa, linakatwa vipande, linafungwa mfukoni. Tangu unga mpaka mfuko hazifiki saa nne. Na sheria moja ilikuwa juu ya nyingine zote: donge la leo lisilale. Kabla ya zamu kutoka, msimamizi alipitisha kidole kwenye beseni la kila mtu, na kidole kikitoka na unga, mwenye beseni anarudi kuosha. Wifi hakurudishwa hata mara moja. Beseni lake ukiliinamia unaziona kope zako.

Sheria hiyo naomba uishike, maana ndiyo iliyokuja kutuponza.

Kisha ikaletwa mashine ya kukata madonge, meza ikaondolewa, na watu wa meza wakaondoka nayo. Miezi minane wifi alikuwa nyumbani. Alifua mapazia yaliyo safi. Alipaka rangi banda la kuku, akalitazama, akalipaka rangi nyingine. Kaka yake, yaani mume wangu, akanivuta pembeni.

"Mke wangu, mtafutie huyu kazi kabla hajaanza kutupaka sisi."

Ndipo nikasikia kwamba Bi Mkate anatafuta mtu wa kumsaidia kukanda.

Bi Mkate alikuwa mama wa makamo yaliyokwisha kupita, mnene, mwenye ulimi usiopakwa asali. Alioka peke yake katika chumba kimoja chenye tanuri la matofali, kilichopakana na duka la fundi saa. Mikate yake ilikuwa ya mviringo, ya rangi ya kahawia inayokaribia kuungua, na ganda lake ukilibishia hodi linaitika. Watu waliuita mkate mchachu. Nusu ya mtaa hawakuugusa. Nusu ya pili hawakutaka mwingine.

Siku ya kwanza nilimsindikiza wifi mwenyewe. Bi Mkate alimkatia kipande bila salamu ndefu. Wifi akatafuna. Akaendelea kutafuna. Mkate mweupe ukiuweka mdomoni unajiendea wenyewe, laini kama pamba, na utamu wake ni wa sukari. Huu ulitaka kufanyiwa kazi. Ganda lilivunjika kwa mlio, ndani ukavutika, una matundu makubwa na madogo yasiyofanana. Kwanza ikaja ladha ya ngano iliyochomwa, halafu, wakati mtu unadhani imekwisha, uchachu ukapita pembeni mwa ulimi kama maziwa yaliyoganda vizuri.

"Mama," wifi akasema kwa adabu, "samahani. Huu haujaharibika?"

"Umeharibika kwa makusudi," akajibu Bi Mkate. "Kutwa nzima na usiku wake. Wa kwenu kiwandani unaharibika bila kuambiwa, siku ya nne, humo humo mfukoni, na ukungu wa kijani juu. Huu uweke juma zima. Utakuwa mgumu, ila utakuwa mkate."

"Na hamira unatia kiasi gani?"

Bi Mkate alimtazama kama mtu aliyeombwa mswaki wake. "Humu hamira haiingii."

Akatuonyesha chupa. Ilikuwa chupa ya kioo kinene, yenye mdomo mpana, imefunikwa kitambaa na kufungwa uzi. Ndani mlikuwa na kitu kama uji mzito, wa rangi ya majivu, uliojaa mapovu. Alisema ni unga na maji tu, vilivyoachwa vikapata uhai. Vijidudu visivyoonekana kwa macho, vilivyomo ndani ya unga wenyewe na vya hewani, ndivyo vinavyoliinua donge. Lakini vinakwenda kwa mwendo wao, na popote vinapopita vinaacha uchachu. Kila asubuhi alivilisha unga na maji. Chachu ile alipewa na mama yake siku alipoolewa, na mama yake naye alipewa.

"Kwa hiyo ni ya ukoo," nikasema.

"Ukoo wangu wengine wananuka zaidi," akasema, akaifunika.

Wifi alipata kazi, na pamoja nayo akapata adhabu. Donge la mkate mchachu halipigwi. Unalivuta, unalikunja, unaliacha nusu saa. Unarudi, unavuta, unakunja, unaliacha. Alasiri nzima ni hivyo. Kisha unaliviringisha, unaliweka kwenye kikapu chenye kitambaa na unga, unaliacha mahali pa baridi mpaka asubuhi, ndipo lioneshwe moto. Kuvuta na kukunja wifi alikujua siku ile ile. Zile nusu saa ndizo zilizomtesa. Alifagia. Alifuta madirisha. Alifagia tena, mpaka fundi saa akachungulia mlangoni na kioo chake cha kukuzia kikiwa bado kimebanwa jichoni.

"Jirani, sakafu hiyo ukiizidisha utatokea upande wa pili."

"Wewe shughulika na saa zako. Humo ndani hakuna mbili zinazoelewana."

"Ndiyo maana zimeletwa kwa fundi. Wewe nani atakuleta?"

Wiki saba zikapita hivyo. Wifi alikanda, akaviringisha, akaoka. Chupa tu ndiyo hakuigusa. Mchana, saa ya kukanda ikifika, Bi Mkate aliwapa watu mgongo, akaichukua chupa rafuni, akachota, akampa wifi bakuli la chachu iliyokwisha kupimwa. Alichokifanya kule kwenye rafu hakuna aliyekiona.

Kisha macho ya Bi Mkate yakamshinda. Mtoto wa jicho alikuwa amekomaa, na hospitali ya kumtoa ilikuwa mbali, huko anakoishi binti yake. Binti akaja kumchukua. Alikuwa mwanamke mwenye maneno machache na funguo nyingi, na siku nyingi alitaka mama yake apumzike.

"Mama, tufunge tu. Chumba tukirudishe kwa mwenyewe, uje ukae nyumbani."

"Nikae nifanye nini? Nihesabu vigae?"

Wakavutana, na mwisho wakakubaliana mbele yetu. Bi Mkate angeondoka Jumanne na kurudi Jumapili. Akirudi akaikuta chachu hai na mkate ukiwa ule watu wanaoujua, tanuri na ufunguo wa chumba vitabaki mikononi mwa Cherehani, na yeye Bi Mkate atakaa kwenye kiti na kulaumu. Akikuta vinginevyo, atautoa ufunguo kwa mwenye chumba na kumfuata binti yake bila neno. Basi wifi alikuwa na siku sita, na mimi nilijua kinachomngoja upande wa pili: mapazia, na banda la kuku.

Jumanne asubuhi Bi Mkate alimpa maagizo, mimi nikiwa nimefunga aproni, maana nilikuwa nimeahidi kumsaidia juma lile. Unga kiasi hiki. Maji kiasi hiki, si ya moto. Usiiweke juani. Usiikazie kifuniko, inapumua. Kisha akatungua mwiko kwenye msumari. Ulikuwa mwiko wa kukorogea chachu, na shingoni ulikuwa na tabaka za unga mkavu, moja juu ya nyingine, kama plasta ya ukuta wa zamani.

"Huu usiuoshe. Unaupangusa na kuutundika. Umesikia?"

Nilimwona wifi akimeza mate. Tangu siku ya kwanza mwiko ule ulikuwa ukimwasha. "Nimesikia, mama."

Gari likaondoka. Wifi akafanya kazi ile siku nzima kana kwamba msimamizi wake wa zamani amesimama nyuma yake na kidole tayari. Alikanda, akavuta, akakunja, akaviringisha. Mimi nilikata kuni na kumwombea kimoyomoyo.

Jumatano asubuhi mikate ilitoka. Sijaona mikate kama ile. Pale alipolichana donge kwa wembe kabla ya kuoka, ganda lilikuwa limenyanyuka kama ukingo wa sahani, na ilipokuwa ikipoa juu ya waya ilikuwa inalia, kri, kri, kama watu wanaotembea juu ya majani makavu. Fundi saa alichukua wake, akautia chini ya kwapa, akasema, "Bi Mkate akae huko huko." Kwa mdomo wa fundi saa hiyo ni sala ya shukrani. Mpaka saa tatu rafu ilikuwa tupu, na wifi alikuwa anafuta meza huku akiimba.

"Wifi," nikamwambia, "saa ya kuilisha chachu imefika. Umeiweka wapi?"

"Si iko pale."

Nikatazama pale. Chupa ilikuwa rafuni, imepinduliwa juu ya kitambaa safi. Inang'aa kama ya dukani.

"Iko tupu," nikasema.

"Ndiyo. Jana nilimimina yote kwenye donge, nikakwangua, nikaiosha kwa maji ya..." Hakumaliza. Aliyasikia maneno yake mwenyewe. Akatafuta kiti kwa mkono, kama kipofu, akakaa.

Mguu haukukanyaga. Nimemjua wifi miaka thelathini, na ile ndiyo mara ya kwanza kuuona mguu ule umetulia. Niliogopa kuliko kama angelia.

Hakuna aliyemwambia abakize. Kila mchana, kule rafuni alikowapa watu mgongo, Bi Mkate alibakiza kidogo ndani ya chupa, na hicho kidogo ndicho kilichokuwa cha kesho na cha miaka yote. Kwake lilikuwa jambo la wazi kama kupumua, na nani anamwagiza mtu apumue? Wifi naye alitoka mahali ambapo kubakiza ni kosa. Mikono yake ilitenda wema ilioujua. Na hatukuwa na donge la kuchomolea hata kipande, maana donge lote lilikuwa limepita kwenye moto, na wakati ule lilikuwa linatafunwa mitaani.

"Tuanzishe nyingine," nikasema.

"Alisema mpya inataka wiki mbili ndipo iweze kuinua mkate. Na haitakuwa ile." Akasimama ghafla. Upepo ukaanza. Aliosha bakuli. Aliosha vikapu, visivyooshwa. Aliosha meza, akaosha miguu ya meza, na alipokosa kingine akautungua mwiko kwenye msumari na kuuelekeza kwenye maji.

"Wifi, huo ulikatazwa."

"Nilichoharibu si kinatosha? Angalau nimwachie pasafi."

"Basi hilo moja uliloagizwa usiliharibu."

Mkono ulisimama juu ya beseni. Akautazama mwiko. Nami nikautazama. Ile plasta shingoni ilikuwa nini, kama si chachu ya mwaka jana, na ya juzi, na ya jana asubuhi, iliyokauka? Nilisema Bismillahi kwa sauti, yeye akachukua kisu.

Tulikwangua juu ya sahani nyeupe, madirisha yamefungwa upepo usitupeperushie. Zilipatikana chenga za kujaza kijiko cha chai, na cha pili nusu. Wifi akazisaga kwa mgongo wa kijiko, akaziloweka kwenye maji ya uvuguvugu, akatia unga, akaviweka kwenye ile chupa iliyong'aa. Halafu tukangoja.

Kungoja. Kwangu mimi ni kukaa na tasbihi yangu. Kwa wifi ni safari. Alikwenda mlangoni akarudi, akafunua kitambaa, akachungulia, akafunika. Aliihamishia chupa karibu na tanuri, akaona ni joto, akaihamishia dirishani, akaona ni jua, akairudisha. Nilihesabu kufunua mara kumi na nne, nikaacha, maana hata kuhesabu kulikuwa kunanichosha. Jioni uji ulikuwa vile vile, kimya, kama gundi.

Alhamisi kimya. Na watu walikuwa wanakuja. Anafika mtu, anatazama rafu tupu, anauliza, na wifi anasema tanuri lina hitilafu. Kusema uongo hakukuzoea, kila mara aliusema kwa namna mpya: mara hitilafu ni ya mlango, mara ni ya bomba la moshi. Mchana akaniaga anatoka kidogo, akarudi na pakiti ya hamira na chupa ya siki.

"Wifi," nikamwambia, "hapana."

"Mkate si mkate? Nitaupa hamira uinuke, nitaupa siki uwe mchachu. Nitauoka mpaka uwe na rangi ile. Angalau rafu isiwe tupu."

Kufika alasiri mikate ilikuwa imetoka. Kwa macho, ndugu zangu, usingeitofautisha haraka. Alimwita fundi saa, akamkatia kipande, akakunja mikono. Fundi saa akabonyeza ndani kwa kidole. Ukabonyea ukabaki umebonyea. Akatafuna mara tatu. Akameza. Hakuwa na cha kutafuna zaidi.

"Unaonaje?"

"Huu ni mkate wa kiwandani," akasema taratibu. "Umeazima koti la mtu." Akanusa tena. "Na mwenye koti alikuwa anakula kachumbari."

Nilidhani wifi atamrukia. Badala yake alimweleza yote, chupa, na kuosha, na mwiko, kwa pumzi moja. Fundi saa alitoa kioo jichoni, akakitia mfukoni. Hakutania tena. Mikate ile tuliwapa kuku, na kuku waliifurahia.

Ijumaa asubuhi nilichelewa kidogo. Nilipoingia, wifi alikuwa amesimama mbele ya chupa, amenipa mgongo kama alivyokuwa akifanya Bi Mkate. Mkononi alikuwa na ile pakiti ya hamira, imechanwa pembeni.

"Bado hujatia?" nikauliza.

"Bado." Hakugeuka. "Chembe tatu tu, wifi. Ziishtue. Ukisukuma gari likawaka, nani anauliza nani alisukuma?"

"Hamira ikiingia itavila vile vijidudu vya humo, au itavifunika. Itapanda kweli. Bi Mkate atakuta chupa imejaa mapovu. Lakini utakuwa umemlea mtoto wa jirani na kumwambia ndiye wake."

"Na kama wake amekufa?"

Nilimwambia tu ukweli wangu, kwamba mimi ningependa aukose ufunguo akiwa Cherehani ninayemjua. Vidole vyake viliikunja na kuikunjua ile karatasi ya pakiti. Kisha akanipa pakiti. "Iweke mbali. Mahali ambapo nitaona haya kuichukua." Nikaitia kwenye mkoba wangu, chini ya msahafu.

Lakini mikono ilibaki mitupu, na mikono mitupu ya wifi ni hatari. Fundi saa ndiye aliyetuokoa. Alileta kopo la skrubu za saa, ndogo kama mbegu za mchicha, zimechanganyika miaka yote.

"Zitenge kwa ukubwa. Mimi nilijaribu mara mbili nikalia. Ni kazi ya siku mbili hii."

Wifi alizimaliza kabla ya adhuhuri, mafungu tisa. Fundi saa alisimama akiyatazama mafungu yale kama mtu aliyeibiwa. Kisha wifi akaenda kufunua kitambaa mara ya mwisho aliyoniahidi, na mara nyingine baada ya hiyo.

Jumamosi, saa nne, akaniita kwa sauti ndogo. Juu ya uji ule palikuwa na mapovu matatu. Nilivaa miwani. Yalikuwa matatu kweli, na moja likapasuka tukiwa tunalitazama, na pembeni likazaliwa jingine. Wifi hakucheka wala hakulia. Alichukua unga, akapima, akapima tena, akailisha. Jioni akailisha tena.

Jumapili mapema ilikuwa imepanda nusu ya vile inavyotakiwa, na harufu yake ilikuwa ya tunda lililoiva kupita kiasi. Mkate haukuwepo. Kulikuwa na chachu ya kuinua mkate mmoja tu, na mmoja huo ungetoka kesho yake. Wifi alilikanda donge lile dogo, akaliweka pembeni. Alikuwa anavuta mkunjo wa pili tuliposikia gari.

Bi Mkate aliingia ameshikwa mkono na binti yake, jicho moja limefunikwa kifuniko cha plastiki, la pili limekunjwa kwa mwanga. Binti alikuwa na mfuko wenye mkate mweupe uliokatwa vipande, aliomnunulia mama yake kwa ajili ya safari. Akatazama rafu tupu. Kisha akatazama funguo zake.

"Mama, hakuna mkate hapa," akasema, na wala hakusema kwa ubaya.

"Nina pua," akajibu Bi Mkate. "Nipeni chupa."

Wifi hakungoja. "Mama, kabla hujaishika. Niliiosha. Jumanne ile ile. Nilitia yote kwenye donge nikaiosha kwa sabuni. Hii iliyomo humo ni ya kwenye mwiko, tuliikwangua. Alhamisi nilioka kwa hamira na siki, nikawapa kuku."

Saa za jirani zilisikika ukutani, kila moja na lake.

"Humu ndani ulitia hamira?"

"Niliishika. Sikutia."

Bi Mkate akaifungua chupa, akaiinamia, akavuta pumzi. Akavuta tena, jicho lake moja limefumbwa. Hamira ya pakiti ina harufu yake, na mtu aliyenusa kitu kimoja maisha yake yote hababaishwi. Akachovya kidole, akaonja.

"Ulibakiza kiasi gani leo, ulipokanda?"

"Vijiko vinne, mama. Viko humo. Na vingine viwili nimevipaka kwenye mwiko, vikauke."

"Nani aliyekuambia ubakize?"

"Hakuna mtu."

"Hakuna," Bi Mkate akarudia. Akaketi polepole kwenye gunia la unga. "Mama yangu aliniambia. Alinipiga na mwiko huo huo akaniambia. Mimi nilikupa maagizo ya maji na ya jua, hilo nikaliruka." Akanigeukia mimi. "Tutalala kwenu, wifi yake Cherehani, kama kuna godoro. Kama ni kuondoka, nitaondoka nikishaonja."

Jumatatu asubuhi mkate mmoja ulitoka. Haukuwa mzuri kama ile ya Jumatano. Ulikuwa umekaa chini kidogo, upande mmoja umepasuka pasipotakiwa. Tuliungoja upoe, na huko kupoa kulikuwa kurefu kuliko siku zote nilizosimulia. Bi Mkate akakata mwenyewe. Akatafuna, tukimtazama taya.

"Uchachu umepungua," akasema.

Binti akauliza, "Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo ametoka kuugua, anataka kulishwa. Ila ndiye." Akamsukumia kipande. "Onja na wewe. Tangu upate meno ya bandia unakula pamba."

Binti alitafuna amesimama. Alipomaliza alichukua kisu, akajikatia kipande kingine, cha pembeni chenye ganda, na akakila akitazama nje ya mlango. Kisha akatoa ufunguo wake wa chumba kile kwenye lile fungu kubwa, kwa shida, maana kipete kilikuwa kigumu, akauweka mezani karibu na mkono wa wifi. Mfuko wa mkate mweupe aliusahau, na mpaka siku ya nne nilipoutupa ulikuwa tayari una ukungu.

Tangu hapo Bi Mkate anakaa kwenye kiti na kulaumu, kama alivyoahidi. Kwangu jikoni nami nina chupa, ya akiba, vijiko vinne vya chachu na maji yake. Wifi alinipa kwa masharti. Kila asubuhi kabla sijakunja mswala wangu anakuwa ameshafika kuikagua, kwamba nisije nikaiosha. Anafunua, ananusa, anafunika. Namwambia akae basi anywe chai. Anakaa. Chini ya meza mguu unakanyaga, na vikombe vyangu vinaanza kuzungumza.